Nilifua Mimi, Aibu Nikamuvika Shemeji

Nimekosa, na niliyemkosea ni mutu aliyekuwa anakula kwenye meza yangu. Nalisema mapema, usije ukanipenda kwanza halafu ukanichukia katikati.

Sikuiba. Sikupiga mutu. Nilifua nguo! Eeh, cheka tu, hata bibi yangu anacheka mpaka leo. Lakini kosa halikuwa kufua. Kosa ni maneno niliyoyasema baada ya kufua.

Majina yote nimeyageuza. Kartie, yaani mtaa wetu, sitaigeuza, kwa sababu watu wa Ndosho wananijua tayari na wamekwisha kunicheka mpaka wamechoka.

Mimi ni fundi wa mbao. Natengeneza vitanda na milango. Nilizaliwa Butembo, na bibi yangu Masika ni wa hukohuko. Mutoto wetu wa kwanza anaitwa Furaha, ndiyo maana wananiita Papa Furaha.

Mwaka ule vita vilikuwa vimetusogelea. Mabomu yalikuwa yanasikika upande wa Sake, na barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa. Watu waliingia mjini kila siku, godoro kichwani, kuku kwapani, mutoto mgongoni. Makanisa yakajaa, mashule yakajaa.

Katikati ya fujo hiyo Masika akajifungua, tena kwa kupasuliwa. Mutoto mwanaume, mzima, sauti kama muuza samaki! Lakini daktari aliniita pembeni akaniambia, "Papa, huyu mama asiinue kitu. Hata bido la maji, hata sufuria ya fufu. Kidonda kikifunguka, usinitafute."

Kwa kawaida mama mukwe na dada zake Masika wangekuja kutoka Butembo. Wangejaza nyumba, wangepika, wangefua, na mimi wangenifukuza nikalale na mbao zangu. Lakini barabara ilikuwa imefungwa. Mama mukwe alipiga simu analia.

"Mukwe wangu, sasa utafanya namna gani?"

Nikamjibu kwa sauti nene, "Mama, usiogope. Mimi niko hapa."

Nikakata simu, nikageuka, nikaiona beseni. Vitambaa vya mutoto, bikwembe vya mama yake, vile vitenge vya kujifunga, vyote vimelundikana mpaka juu, na nzi wameanza kuulizia. Ndugu yangu! Niliitetemekea ile beseni kuliko nilivyoyatetemekea mabomu.

Wewe mwenyewe unajua. Hapa kwetu kuna mambo mwanaume hafanyi. Hayakuandikwa popote. Padri hayahubiri, chefu wa kartie hayatangazi, lakini kila mutu anayajua. Mwanaume habebi bido, lile dumu la maji, mkononi. Akilipakia juu ya chukudu, ile gari yetu ya mbao ya magurudumu mawili, hapo ni kazi, hakuna neno. Mwanaume hachagui nyanya mojamoja sokoni. Hakimbii mvua. Anatembea polepole, analowa, halafu anaenda kukoholea nyumbani. Mabomu yakilia wanawake wanakusanya watoto, na sisi tunasimama langoni mikono mfukoni, tunasema, "Ile bado iko mbali," huku macho yanatafuta njia ya kukimbilia.

Na zaidi ya yote, mwanaume hafui nguo za mwanamuke aliyejifungua. Hilo hata kulisema ni vibaya.

Lakini nani angefua? Furaha alikuwa bado mudogo, kitambaa kimoja kikilowa kinamshinda uzito. Majirani wanawake walikuwa na wakimbizi wao ndani, kila nyumba imejaa mpaka jikoni. Basi niliingia na beseni kwenye bafu yetu ya mabati nyuma ya nyumba, nikafunga mulango, nikaanza.

Masika aliniongoza kutoka kitandani, dirisha likiwa wazi.

"Papa Furaha! Unafua ao unapiga mutu?"

"Nafua!"

"Nasikia unapiga mutu. Fikicha, usipige. Na yale maji, ni ya moto?"

"Ya moto. Si ndiyo yanasafisha?"

"Mungu wangu! Maji ya moto yanashikisha doa! Mwaga, weka ya baridi!"

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Maji ya baridi kwanza. Sabuni, kisha unafikicha, kisha unakitandika kitambaa juani na sabuni yake, juu ya yale mawe meusi ya volkano, jua likipige mpaka kiwe cheupe. Ndipo unasuuza na kukamua.

Na niseme siri nyingine. Nilipenda! Ndiyo, nilipenda. Masika na mimi hatukuwa tumezungumza hivyo tangu tulipooana. Yeye ndani, mimi bafuni, tunapiga stori kupitia dirisha. Aliniambia mambo ya utoto wake ambayo sikuwa nayajua. Mutoto akilia nilikuwa nautambua ule mulio wa njaa na ule wa kulowa. Mimi, fundi wa milango!

Lakini kutoka nje na bido mkononi sikuthubutu. Robine ya kartie, bomba la maji la wote, iko hapo karibu, ukipiga chafya wanakuambia pole. Mimi nilikuwa nakodi chukudu kwenda kuchota bido moja! Mwenye chukudu aliniangalia siku ya kwanza, akaniangalia siku ya pili, siku ya tatu akaniuliza, "Papa, ni mguu unauma?" Nikamwambia ndiyo. Nikachechemea wiki nzima.

Sasa nikuelezee Kakule.

Kakule ni mudogo wa Masika, aliyezaliwa nyuma yake tu. Alikuwa anapasua mbao kwenye misitu ya Masisi. Vita vilimkuta huko, akakimbia kwa miguu, akafika kwangu hana kitu ila musumeno wake begani. Kijana mukubwa, mikono kama magogo, maneno machache. Asubuhi anaenda kupakua magari ya mizigo mjini, mchana anarudi amechoka, anakula, anakaa juu ya jiwe langoni.

Na unajua alikuwa anakaa pale kwa nini? Kunilinda! Mutu akikaribia parsele, kiwanja cha nyumba yetu, Kakule anakohoa. Mimi ndani ya bafu natupa sabuni, nachukua nyundo, naanza kugonga kipande cha mbao nilichokiweka humo kwa kazi hiyohiyo. Wageni wakiingia wananisikia: ko, ko, ko! "Ah, Papa Furaha anatengeneza bafu." Ile bafu niliitengeneza kuliko kanisa.

Kakule hakuniomba asante. Hakunicheka. Alikuwa anakohoa tu.

Sasa siku moja Kakule alichelewa kurudi, na Kasereka akaja. Kasereka ni fundi mwenzangu, rafiki wa siku nyingi, na mudomo wake hauna mulango. Alikuja na wanaume wengine wawili kumuona mutoto. Hakuna kikohozi, hakuna onyo. Nilitoka bafuni nikipangusa mikono kwenye suruali, nikawakuta wamesimama mbele ya kamba. Bikwembe vya Masika vimeanikwa vizuri, vimenyooka, na vitambaa vya mutoto vinang'aa kama mashati ya komunyo.

"Papa Furaha, mama mukwe alifika? Barabara ilifunguka?"

"Hapana."

"Sasa nani anafua bintu bizuri hivi?"

Wote watatu wakaniangalia. Ah, yale macho! Ningeweza kusema ni jirani. Ningeweza kusema nimelipa mama mmoja mukimbizi. Ningeweza kusema ni mimi, na dunia isingepasuka. Lakini ulimi wangu ulikimbia mbele yangu.

"Si huyu shemeji yangu, Kakule."

"Kakule? Ule wa mikono mikubwa?"

"Njo ule ule."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka nao. Hapo ndipo roho yangu ilipoharibika, kwa sababu kile kicheko kilikuwa kitamu! Nikaongeza, "Anafua kuliko dada zake wote."

Kama ningeishia hapo! Lakini kwenye nganda, pale tunapokunywa kasiksi, pombe ya ndizi, jioni, walinidai stori tena, na mimi nikawapa. Nikasema anaimba akifua. Nikasema anajifunga kikwembe kiunoni. Nikaigiza hata jinsi anavyokamua, na niliigiza vizuri sana kwa sababu mwenye kukamua alikuwa mimi! Walilia kwa kucheka. Wakampa jina: Mama Kakule.

Mimi nikawa mwanaume wa wanaume pale. Nikakaa kifua mbele, nikawa natoa hata mashauri, "Nyumba inataka mwanaume asimame." Na mikono yangu chini ya meza imekunjamana kwa sabuni.

Nilikuwa mupumbavu namna mbili. Ya kwanza umeiona. Ya pili mimi mwenyewe sikuiona mpaka ilipochelewa. Bwana kumfulia bibi yake ni kichekesho, watu watacheka wiki moja wasahau. Lakini kaka kushika bikwembe vya uzazi vya dada yake! Ndugu wa tumbo moja! Kwetu Wanande, watu wa Butembo, hilo si kichekesho, ni mwiko. Mimi nilidhani nimemuwekea kijana wa watu utani mudogo, kumbe nilikuwa nimempaka uchafu.

Na Kakule alikuwa anatafuta kuoa. Alikuwa amempata binti wa kartie ya Majengo, Nsimire, wa familia ya Washi kutoka upande wa Bukavu. Baba yake ni karani katika ofisi moja kule Himbi, mutu wa miwani na nguo za pasi kali. Walikuwa wamekubali kutupokea tupeleke maneno ya kwanza. Maneno ya kwanza yakafika kweli, ila hayakuwa yetu. Yalitoka kwenye nganda, yakapanda moto, zile pikipiki za abiria, yakashukia Majengo mbele ya mulango wa baba mukwe.

Baba wa Nsimire akamuita Kakule, akamwambia amesimama, hakumpa kiti, "Kijana, binti yangu hataolewa na mutu asiyejua mpaka kati yake na dada yake. Aksanti kwa kuja."

Kakule alirudi mchana ule nikiwa nakula. Hakukaa. Aliniangalia mimi tu.

"Shemeji, bantu banasema nafuaka bikwembe bya dada. Ni nani alibaambia?"

Masika alikuwa chumbani na mutoto. Tulikuwa sisi wawili, na katikati ugali wa fufu na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alinipa mulango ulio wazi kabisa, niingie, niseme, "Ni mimi, nisamehe."

Nikasema, "Sijue. Bantu ba Ndosho, unabajua, banapenda kusema."

Akachukua musumeno wake nyuma ya mulango, akaenda kumuaga dada yake, akasema amepata kazi upande wa Bulengo, kwenye kambi ya wakimbizi. Akatoka. Mutu aliyekimbia vita akafika kwangu, kwangu nako nikamkimbiza. Mimi, si adui!

Nilimaliza fufu yangu. Naandika hivi kwa haya, lakini niliimaliza.

Masika alijua wiki hiyohiyo. Mama Aline, jirani yetu, alikuja kumsalimia, akamwambia kwa huruma, "Pole, mama. Hata mimi nilishangaa, kaka yako kukufulia bile bintu." Nilikuwa bafuni na beseni. Nilisikia dirisha likifungwa. Pa!

Nilipoingia ndani Masika alikuwa amekaa wima, mkono juu ya kidonda.

"Papa Furaha, ni nani anafua nguo zangu?"

"Ni mimi."

"Sema kwa nguvu."

"Ni mimi!"

"Aah. Kumbe unajua. Sasa sauti ile utaipeleka Bulengo, kisha utaipeleka Majengo. Mpaka hapo, usiniongeleshe."

Na hakuniongelesha! Nilifua siku zile dirisha likiwa limefungwa. Hakuna stori, hakuna "fikicha, usipige". Nilikuwa nasikia maji tu yakidondoka. Wanaume wenzangu, mabomu yana kelele, lakini ukimya wa bibi uko mubaya kuliko mabomu.

Nikaenda Bulengo. Nilimkuta Kakule katikati ya wazee waliokimbia na wajane, anakata miti, anawasimamishia vibanda vya bashi, yale maturubai ya wakimbizi. Alikuwa amechekwa mji mzima, na bado anajengea watu. Nikasimama mbele yake mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Kakule, ni mimi niliwaambia. Nilikuwa naogopa."

"Nilijua," akasema. Akaendelea kukata.

"Ulijua? Sasa ulinyamaza juu ya nini?"

"Nilikula kwako. Nililala kwako." Akaweka musumeno chini. "Shemeji, ungeniomba, ningekubali. Ningesema nafua bitambaa bya mutoto, si ni mutoto wetu? Bacheke. Lakini haukuniomba. Na ulicheka pamoja nabo."

Nikauokota ule musumeno, nikamrudishia mkononi.

"Naenda Majengo," nikamwambia.

"Nenda. Mimi sitaenda kubembeleza mutu."

Basi nikavaa koti langu la misa, na Masika, aliyekuwa sasa anaweza kutembea kidogo, akakataa kubaki. Tukapanda moto mbili, yeye na mutoto kwenye ile iliyoendeshwa polepole. Majengo walitupokea vizuri, viti vya sebuleni, soda. Baba wa Nsimire alikaa na dada yake pembeni, shangazi wa Nsimire, mama munene mwenye macho yasiyopepesa.

Nikajieleza. Nilieleza yote: bafu, nyundo, chukudu, kikohozi, nganda. Jasho lilinitoka ndani ya koti. Nilipomaliza, yule muzee alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Papa, nimekusikia. Ni vizuri mutu kutetea shemeji yake. Lakini mimi si mutoto. Wewe, na tumbo hilo, na koti hilo, unataka niamini ulijifungia bafuni kufua?"

Hakuniamini! Nilikuwa nimekuja kujivua nguo, na watu wanakataa kuangalia! Masika akasema, "Papa, ni kweli, mimi njo nilimfundisha," lakini muzee akatikisa kichwa. "Mama, wewe ni dada yake. Ungesema nini kingine?"

Ndipo shangazi alipofungua mudomo. "Kuna namna ya kujua." Akaita jikoni, "Nsimire! Leta ile beseni ya mutoto wa dada yako. Usiondoe kitu, ilete vilevile."

Nsimire akaileta mpaka uani. Nisikudanganye, ile beseni ilikuwa na ushahidi wa juzi. Jagi la maji lilikuja nyuma yake, linatoa mvuke. Familia nzima ikatoka kusimama. Majirani wawili wakaegemea ukuta. Nikavua koti, nikampa Masika. Nikakunja mikono ya shati. Nikachuchumaa. Nikaligusa lile jagi.

"Mama, samahani. Hamna maji ya baridi? Haya ya moto yatashikisha doa."

Shangazi akanitazama hivi, kichwa upande. Akaniletea maji ya baridi mwenyewe.

Nikafua. Punde si punde mikono ikasahau kwamba inaangaliwa. Nikafikicha pembe kwa pembe, nikakitafuta kile kidoa cha katikati kinachojificha, nikapaka sabuni, nikatafuta jiwe lenye jua nikatandika. Nikaulizia kamba iko wapi. Nilikuwa nimeshika cha pili wakati shangazi alipopiga makofi na kupiga kelele.

"Yoo! Mikono hii imefua! Hii haikuanza leo! Kaka, huyu mwanaume anasema kweli! Anakamua kuliko mimi!"

Baba wa Nsimire alicheka. Mutu yule mwenye pasi kali alicheka mpaka akashika ukuta, miwani ikaanguka, Nsimire akaiokota naye machozi ya kicheko yanamtoka. Masika alikuwa ameshika kidonda kwa mikono miwili, "Musinichekeshe, nitapasuka! Musinichekeshe!" Na mimi nimechuchumaa pale na kitambaa mkononi, nikasikia kucheka kwangu mwenyewe, kicheko ambacho hakikumgharimu mutu mwingine.

Muzee alipotulia, uso ukarudi ule wa ofisi.

"Kijana wenu nitampokea. Lakini wewe, yale maneno uliyasema mbele ya wanaume. Utaenda kuyaondoa palepale ulipoyaweka. Si kwangu."

Nikamuahidi. Kurudi Ndosho Masika aliniambia neno la kwanza tangu aliponikataza kumuongelesha: "Ulisahau kusuuza cha pili." Wewe hujui nilivyofurahi!

Jumapili, baada ya misa, nganda ilikuwa imejaa. Kasereka akaniona. "Papa Furaha! Tuletee habari za Mama Kakule!" Nikabaki nimesimama. Nikasema kwa sauti ile ya Masika ya kusema kwa nguvu:

"Kakule hakufua hata kitambaa kimoja. Mwenye kufua ni mimi. Bikwembe bya bibi yangu, bitambaa bya mutoto, bote. Nilidanganya kwa sababu ya kuogopa ninyi. Mwenye kutaka kucheka, anicheke mimi."

Ee Mungu! Wakacheka kweli! Meza zilitikisika. Mutu alimwaga kasiksi yake. Siku ileile nikapewa jina, Fundi Sabuni, na jina hilo limenishika kama gundi ya mbao. Wateja wanakuja kuniagiza kitanda, wananiuliza kama nitakifua kwanza. Kasereka hakunisamehe. Alisema nimewaharibia wanawake wao, kwamba bibi yake ameanza kumuangalia na kuangalia beseni. Aliacha kupita kwangu. Nilimkosa, kwa sababu mbali na mudomo wake alikuwa rafiki mwema.

Lakini sikia ya kuchekesha. Haikupita muda, wanaume wakaanza kuja atelye, karakana yangu, mmojammoja. Anaangalia mulango, anagusa mbao, anauliza bei ya kitu asichokitaka. Halafu anasogea karibu: "Fundi, ee... doa la maziwa, mutoto akicheua kwenye shati. Linatokaka namna gani?" Vita vile vilikuwa vimefungia mama mukwe wengi barabarani! Bafu ngapi za Ndosho zilikuwa zinagongwa nyundo, Mungu ndiye anajua.

Bido la maji sasa nalibeba mkononi. Mwenye chukudu ananipungia, ananiuliza kama mguu ulipona.

Kakule na Nsimire walioana barabara ikiwa bado imefungwa. Mbuzi wetu wa mahari kutoka Butembo hawakuweza kufika, na Washi wao walikuwa wanataka ng'ombe, basi yalizungumzwa sana, wakakubaliana kungojeana. Nilimtengenezea kitanda cha arusi kwa mikono yangu, mbao nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Alicheza siku ile mpaka viatu vikaachama. Alinikumbatia mbele ya watu.

Ananiheshimu. Ananisalimia vizuri, ananibebea mutoto, anacheka nami. Lakini tangu siku ile ya sombe, Kakule hajala tena nyumbani kwangu. Akija atasema ameshiba. Masika anamuwekea sahani, yeye anaipitisha kwa Furaha. Hasemi kitu, na mimi siwezi kumlazimisha. Hicho ndicho nilicholipa, na bado nalipa kila akija.

Basi wewe mwanaume unayesoma hii, pengine ukiwa umejifungia mahali. Fua. Pika. Beba mutoto mgongoni, mvua ikija kimbia! Ukishindwa kuwaambia watu, nyamaza, hakuna atakayekufunga. Lakini usichukue kazi ya mikono yako ukamtwika mutu asiye na pa kwenda, halafu ukakaa upande wa wanaomcheka. Wale wanaokucheka watachoka na kwenda kwao. Yule uliyemcheka atakaa mbele yako miaka yote, mpole, mwenye adabu, na sahani yake haijaguswa.